T Si ya Tigre

Mwezi wa saba, Lubumbashi si mji wa kumlaza mgonjwa wa SS, yaani selimundu, juu ya saruji. Baridi ya kiangazi huingia jioni kama mwenye nyumba, na mtu aliyezaliwa na damu yenye kasoro huanza kuumwa mifupa kabla jua halijazama sawasawa. Lombe Kangwa alikuwa amelalia saruji ya mahabusu siku tisa. Dada yake Bijou alizijua siku hizo kwa chupa za chai alizopeleka. Tisa ziliingia mlangoni, tano ndizo zilizomfikia.

Siku hiyo ya tisa, Jumanne, mlinzi alimrudishia Bijou blanketi pamoja na habari: jalada la Lombe lingepelekwa Kinshasa siku ya Ijumaa, na Lombe pamoja nalo, kwa kuwa shtaka lilikuwa la uasi. Bijou alikimbilia kwa daktari aliyemtibu Lombe tangu utotoni, akamuuliza kama mgonjwa wa SS, tena aliye katikati ya maumivu, anaweza kustahimili safari ile na gereza litakalofuata. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema Lombe apewe maji mengi. Bijou akaelewa.

Na yote hayo kwa sababu ya bunduki moja kuukuu.

Ilikuwa ya nkambo wao Chanda, babu aliyefariki Bijou akiwa bado msichana wa shule. Miaka yote ilikaa juu ya dari ya nyumba ya Katuba, imeviringishwa kwenye kitambaa cha godoro, ndefu, nyeusi, yenye darubini mgongoni. Kila tarehe kumi na moja ya Julai, siku ambayo wazee wa huku hukumbuka Katanga ilivyojitangaza kuwa nchi, baba mkubwa Sylvain alikuja kutoka Kipushi, akaishusha, akaipaka mafuta ya mawese, akasimulia. Nkambo Chanda alikuwa askari wa Katanga. Mwaka wa sitini na moja alimvizia mdunguaji wa kofia za bluu, yaani majeshi ya Umoja wa Mataifa, akamshinda, akamnyang'anya bunduki yake. Na kama kuna mgeni aliyekunja uso, ba Sylvain alimvuta mkono, akamwonyesha herufi T iliyogongwa kwenye ubavu wa chuma. T ya Tigre. Ndilo jina walilojipa askari wa zamani wa Katanga waliokimbilia Angola, kisha wakarudi na vita mwaka wa sabini na saba. Wenzake, alisema, waliigonga herufi ile kwa patasi kumheshimu Chanda.

Mwaka huu mgeni mmoja alichukua video kwa simu. Video ikatembea mjini kuliko mwenyewe. Siku mbili baadaye askari wakagonga mlango wa Katuba, na kwa kuwa Lombe ndiye aliyeishi pale, Lombe ndiye aliyechukuliwa.

Ba Sylvain angenyamaza, huenda mambo yangeishia kwenye bunduki isiyo na kibali. Lakini alivaa koti lake la sherehe akaenda mwenyewe kutoa maelezo. Bijou alikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, na mwanasheria alipoleta maelezo yale yatolewe nakala, Bijou aliisoma karatasi ikiwa bado na joto la mashine. Bunduki hii ni mali ya Tigre, iliandikwa, na herufi T inathibitisha. Chini yake palikuwa na sahihi ya baba yake mkubwa, kubwa, yenye mikia miwili.

Jioni ile ile ya Jumanne alikwenda Kipushi kumsihi ayafute maneno yake. Ba Sylvain alimpokea kwa soda. Alimweleza kwamba kwenye chama cha watoto wa askari wa Katanga yeye hukaa kiti cha mbele, na kwamba mtu hawezi kukaa mbele leo halafu kesho akasema baba yake hakuwa mtu.

"Mi nilisema ukweli ya baba yangu," alisema. "Bakitaka kunifunga, banifunge."

"Habakukufunga weye, baba mukubwa. Balifunga Lombe."

"Lombe ni mwanaume. Mujukuu ya Tigre. Atasimama."

"Hawezi kusimama. Juzi balimubeba kwenda ku choo."

Ba Sylvain alitazama soda yake. Kisha akasema nkambo Chanda naye aliteseka, na hakulalamika. Bijou alirudi Lubumbashi akiwa amesimama ndani ya basi njia nzima, ijapokuwa viti vilikuwepo.

Mwanasheria alikuwa amemwambia mlango mmoja tu umebaki. Kapteni aliyechunguza kesi alitaka mtu mwenye kibali cha kazi ya bunduki aitazame silaha ile, aseme imetoka wapi, imetengenezwa lini, na kama ni ya kweli au imeghushiwa. Mafundi wawili walikwisha kukataa. Hakuna aliyetaka jina lake liandikwe kwenye jalada lenye neno uasi.

Wa tatu alikuwa Djamila, binti wa marehemu Kasimu. Watu wake walitoka Maniema zamani, na tangu babu yake Souleymane familia ilikuwa ikitengeneza bunduki za wawindaji. Kibao cha karakana bado kilisema KASIMU NA BINTI. Bijou alimkuta asubuhi ya Jumatano, mama wa miaka arobaini na kitu, leso kichwani, aproni ya ngozi juu ya kitenge, akipiga tupa kwenye kifyatulio cha gobori lililoletwa na mwindaji wa Kilwa. Hakuacha kazi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana, kwa upole, kama mtu anayekataa chai.

Bijou hakuondoka. Alitoa picha ya bunduki iliyokuwa kwenye jalada, fotokopi ya fotokopi, akaiweka juu ya meza ya kazi, juu ya vumbi la chuma. Djamila aliitupia jicho. Tupa ikasimama.

Aliuliza kama T iko upande wa kushoto. Iko kushoto. Aliuliza kama kwenye kitako kuna kipande cha ubao kilichoongezwa, pale mtu anapoegemeza shavu. Kipo. Djamila alifuta mikono, akapanda kigoda, akashusha sanduku la bati lililojaa madaftari ya shule. Babu yake, alieleza, hakuwahi kuiachia bunduki iondoke bila kuchukua alama zake. Aliweka karatasi nyembamba juu ya chuma, akasugua kwa penseli, herufi zikajitokeza zenyewe. Pembeni akaandika tarehe na jina la mwenye mali. Djamila alifunua kurasa polepole, nyingine zimeliwa na mende. Kwenye ukurasa mmoja alisimamisha kidole.

Bijou aliinama. Palikuwa na T.

Machozi yalimtoka kabla hajajua maana yake. Djamila alifunga daftari.

"Usilie bado, mudogo yangu. Picha inaongopaka. Minapashwa kushika chuma yenyewe." Kisha akamtazama usoni. "Na uyue hii moja: kile chuma itasema, ndicho nitasema. Ikisema mubaya kwa ndugu yako, nitasema vile vile."

Bijou alikubali. Angekubali lolote.

Alhamisi saa tatu waliingia kwenye ofisi ya kapteni. Bunduki ililazwa mezani juu ya magazeti. Ba Sylvain naye aliitwa, kwa kuwa maelezo yalikuwa yake, akakaa nyuma na kofia yake magotini. Kapteni, mtu wa sauti ndogo, alisema wana saa moja, kwa sababu mchana anafunga jalada. Alipoona fundi ni mwanamke aliuliza kama mumewe yuko njiani. Djamila akampa kibali chake cha kazi, akasema mumewe anauza viatu.

Kisha akatoa mfuko mdogo wa unga wa mhogo. Askari wa mlangoni akacheka akauliza kama wanapika bukari, ugali wa huku. Djamila alisema bismillahi chini ya pumzi, akafuta mafuta ya mawese ya miaka sitini kwa kitambaa chenye petroli, akachota unga kwa kidole, akausugua juu ya chuma cheusi. Akapuliza. Unga wote uliondoka isipokuwa ule ulioingia ndani ya alama, na bunduki ile, iliyokaa kimya maisha yote ya Bijou, ikaandikika nyeupe kama ubao wa shule.

Alisoma kwa sauti, kapteni akiandika. Kwanza kiwanda, cha Uingereza. Mwaka, 1944. Kwenye shingo ya chuma, karibu na ubao, herufi TR, nazo za kiwandani. Chini ya kitako, S51, alama ya karakana ya London iliyochagua bunduki zilizopiga sawasawa kuliko nyingine na kuzifunga darubini. Alisoma namba ya bunduki, kisha akageuza kile chuma kinachoshika darubini: namba ile ile. Akasoma namba ya darubini, akaonyesha juu ya ubao, nyuma kidogo ya mkono wa mpigaji: namba hiyo hiyo, imegongwa kwenye mti. Mtu anayeghushi, alisema, hugonga namba mpya kwenye chuma cha zamani, na kingo zake hukwaruza kidole. Hizi zilikuwa laini kama sabuni iliyotumika.

"Ni ya kweli," alisema. "Bunduki ya mdunguaji, ya vita ya wazungu."

"Na T?" kapteni aliuliza.

Djamila aliigusa. Haikugongwa kwa patasi, alisema. Rangi nyeusi ya kiwandani iliingia mpaka ndani yake, maana yake herufi ilitangulia rangi. Ni T ya teleskopi, yaani darubini. Akafunua daftari la babu yake. Ukurasa ule ulikuwa wa bunduki ya mzungu mmoja mwindaji aliyevuka kutoka Rhodesia, silaha ya jeshi iliyouzwa kwa raia baada ya vita. T ile ile, mahali pale pale, ukubwa ule ule. Na pembeni, kwa mwandiko wa Souleymane, tarehe: Machi 1958.

"Mwaka huo," Djamila alisema, "Tigre hakukuwaka. Hata Katanga ilikuwa ingali ya Babeleji."

Kapteni aliweka kalamu chini, akasema vizuri, T si ya Tigre. Lakini mzee hapa anasema baba yake aliipora vitani, na herufi haibadilishi hilo. Askari wa Katanga aliyeficha silaha ya vita, watoto wake wakaitunza na kuisherehekea hadharani: jalada linabaki lilivyo. Nyuma, ba Sylvain alisafisha koo kwa kuridhika.

Djamila alikuwa bado ameinama. Alivuta kilasi, kile chuma kinachosukuma risasi ndani ya mtutu, akakipaka unga kwenye mkono wake. Namba haikuwa ile. Kilasi kilitoka kwenye bunduki nyingine. Akakifungua, akatoa sindano inayopiga risasi, akaiweka juu ya gazeti mbele ya kapteni. Ncha yake ilikuwa imekatwa kwa msumeno, kata safi, ya zamani, yenye kutu sawa na chuma kingine chote.

Alieleza bila haraka. Anayempora adui bunduki huichukua nzima, ili aitumie. Bunduki hii ilikuwa imekwisha kufa ilipotoka kambini. Mafundi wa jeshi waliichukulia kilasi chake kizima, wakaichomekea kilichoharibika, wakakata sindano, wakaitupa kwenye takataka za karakana. Tangu siku hiyo haikupiga hata ndege.

"Hii haikutoka vitani," alisema. "Ilitoka ku mataka."

Ba Sylvain alicheka. Alimwita Djamila fundi wa magobori tu, akasema huenda unga ule ungefaa zaidi jikoni. Lakini kapteni hakucheka. Alimtazama Bijou, si ba Sylvain, akauliza ni nani katika familia ya Kangwa aliyeweza kufikia takataka za karakana ya kofia za bluu.

Bijou alijua.

Alijua tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Nkambo Mwila, mke wa Chanda, alimwambia siku moja wakifua nguo, alipoona Bijou anasugua kola vibaya. Nkambo yako angekucheka, alimwambia, yeye aliyefua mashati ya bakofia bluu mpaka kola zikasimama zenyewe. Kisha akashtuka, akamshika mtoto kidevu chenye povu, akamwapisha asimwambie mtu. Chanda hakuwa askari. Alikuwa dobi wa kambi, na mchana alifagia karakana ya silaha. Kambi ilipofungwa aliondoka na mabaki ya bunduki juu ya baiskeli, akidhani atauza darubini. Lakini mtaani watu walikuwa wanawatafuta waliotumikia wageni. Jirani yao mmoja alivunjwa miguu. Usiku mmoja watu walikuja na fimbo, Chanda akawatokea mlangoni na bunduki mkononi, akasema nimeipora. Wakambeba mabegani. Baada ya hapo hakuweza tena kushuka kutoka mabega yale.

Bijou aligeuka, akamwona ba Sylvain akimtazama. Na kwa namna macho yale yalivyoomba, alitambua kwamba naye alijua. Hata yeye aliapishwa.

"Bijou," alisema ba Sylvain kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia. "Mwana yangu. Hapana."

Bijou alimwona baba yake mkubwa kwenye kiti cha mbele, kila mwaka, na koti lake. Akamwona Lombe kwenye saruji, magoti kifuani, akiuma mkono wa shati ili asipige kelele. Akamgeukia kapteni.

"Nkambo yetu alikuwaka dobi," alisema. "Alifulia kofia bluu. Alifagiaka pale banatengeneza bunduki. Hakupigana na muntu hata siku moja. Ile habari ya Tigre alitunga juu ya kuogopa kuuliwa."

Alisema yote, na jina la nkambo Mwila, na baiskeli, na fimbo. Kapteni aliandika. Kisha akamuuliza ba Sylvain kama anayakana. Ba Sylvain aliinua kofia, akaishusha, akaizungusha. Angeweza kukana. Mwisho alisema kwamba hana la kuongeza, akatoka nje bila kuaga, na mlango ukabaki wazi nyuma yake.

Shtaka la uasi lilifutwa saa saba na robo. Bunduki ilibaki serikalini. Lombe atajibu kosa la kukaa na silaha bila kibali, hapa hapa Lubumbashi, akitokea nyumbani kwake. Walimtoa saa tisa. Alikuwa mwepesi mno. Bijou na Djamila walimweka kwenye teksi kama wanavyoweka kioo. Hospitalini walimpa damu na dawa ya maumivu, na Jumamosi aliomba apelekwe Katuba.

Lakini habari ilikuwa imetangulia. Chama kilimwondoa ba Sylvain kwenye kiti cha mbele. Mtaani watu waliokuwa wakimwita Mujukuu ya Tigre sasa walimwuliza Lombe kupitia dirishani kama anaweza kuwafulia mashuka. Jumapili mchana ukoo ulijaa uani: mashangazi, wajomba, watu wa Kipushi na wa Kinsevere. Kaburi la nkambo limefukuliwa, walisema. Ba Sylvain alikaa katikati, bila koti. Aliongea shangazi Dorine kwa niaba yake. Hakuna aliyesema Lombe angeachwa afe, alisema, lakini kuna maneno yanayosemwa na maneno yanayomezwa, na binti aliyemvua nguo mzee wake mbele ya askari lazima atengeneze. Jambo lilikuwa dogo. Mkeka ulitandikwa. Bijou apige magoti mbele ya baba mkubwa, apige makofi kama desturi, aseme neno moja, kisha bukari iliwe.

Bijou hakusogea. Alisema kwa adabu kwamba ba Sylvain alijua tangu mwanzo, na alimwacha Lombe alale kwenye saruji ili yeye akae kwenye kiti. Shangazi akasema ndiyo, na hilo litazungumzwa baadaye, watu wakubwa kwa watu wakubwa. Sasa mkeka.

Ndipo Lombe alipotoka ndani. Alikuja akishika ukuta, blanketi mabegani, macho ya njano kama kiini cha yai. Alimtazama baba yake mkubwa, kisha akamtazama dada yake.

"Yaya," alisema, kama alivyozoea kumwita dada yake mkubwa. "Fanya tu. Juu yangu. Nimechoka na bantu kutuchekelea. Piga magoti, iishe."

Hilo halikuwa limemwingia Bijou akilini. Wengine wote alikuwa tayari kuwakatalia. Alimwona mdogo wake akitetemeka, akaona kwamba anataka amani kama alivyotaka maji siku zile, na kwamba angeweza kumpa, kwa magoti mawili na makofi matatu. Alikwenda mpaka kwenye mkeka. Shangazi Dorine alishusha pumzi. Ba Sylvain akanyoosha mikono kumpokea.

Bijou aliuinua mkeka, akaukung'uta vumbi, akaukunjua chini ya ukuta penye jua, akamshika Lombe mkono, akamkalisha juu yake. Akamfunika miguu. Kisha akasimama wima, akawageukia wote.

"Alikuwa dobi," alisema. "Mutoto wenu anapumua. Siombi masamaa."